Mpishi Aliyekataa Kufungua Mlango

Nilipogonga meza mara ya tatu, mama mkwe akasimama.

Hakusema kitu. Akaweka kikombe chake chini taratibu, akajifunga leso vizuri kiunoni, akapita katikati ya watoto waliokuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, akafungua mlango wa jikoni akatoka nje. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, tulikuwa na ile taa moja ndogo ya sola, na yeye alikuwa amekaa upande wa giza kwa hiyo uso wake sikuuona. Nikadhani anaenda msalani. Nikaendelea kusoma.

Dakika kumi zikapita. Mume wangu akaenda kumwangalia, akarudi peke yake, akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo hadithi iache kwanza."

Watoto wakalalamika. Mi nikafunga laptopu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Tangu siku ile kila nikifungua faili la hiyo hadithi naliangalia tu, nalifunga, naenda kufua. Banange, nimefua mwaka huu! Mapazia yenyewe yameanza kuchuja rangi.

## Kombania ya Saba

Hadithi yenyewe ni ya kipuuzi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ni mwaka 2140, Afrika Mashariki yote ina jeshi moja, na hilo jeshi lina kombania moja ambayo hakuna anayeitaka. Batalioni ikipata askari asiyefaa lakini hana kosa la kumfukuzia, inampeleka Kombania ya Saba. Yumo Sajini Kesho, ambaye hajawahi kukataa amri hata siku moja, ila pia hajawahi kuitekeleza siku ile ile. Yumo kuruta mmoja mrefu kama mlingoti ambaye stoo haijawahi kuwa na suruali yake, amekula kiapo na kaptura, anapigiwa saluti na kaptura. Yumo fundi wa redio mwenye masikio makali kuliko wote, tatizo lake anasahau alichosikia. Na yumo Koplo Sufuria, mpishi, mtu pekee mwenye akili timamu pale, na ndo maana kapewa jiko maana makao makuu waliogopa kumpa kitu kingine.

Mwishowe makao makuu wanachoka nao, wanawatuma Mwezini wakalinde mtambo wa mawasiliano ambao hakuna adui yeyote anayeutaka.

Wazo lilinijia Novemba 2022, ile wiki setilaiti yetu ya kwanza Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa kutoka Marekani. Mnaikumbuka, ile ya sentimita 10 kila upande, kama kipande cha sabuni ya mche. Mjomba wangu akauliza kwenye wasapu ya familia, "Sasa huko juu nani anailinda isiibiwe?" Tukacheka wote, halafu usiku sikulala, nikawa najiuliza kwa kweli, kama ingebidi mtu atumwe kuilinda angetumwa nani? Si makomandoo. Wangetumwa wale ambao wakikosekana kwenye gwaride hakuna atakayeuliza.

Nikaanza kuandika, na ilivyokuwa inakuja yenyewe nilikuwa nacheka peke yangu kwenye teksi mpaka konda ananiangalia. Manake Mwezini kila kitu cha jeshi kinaharibika. Uzito wa mtu huko ni moja ya sita ya uzito wake wa huku, sasa fikiria kwata. Afande anapiga kelele "Mguu sawa!", kombania nzima inashindilia buti chini kama ilivyofundishwa, na kombania nzima inapaa. Halafu inabidi afande asubiri watue, na hawatui pamoja, yule wa kaptura anatua wa mwisho kabisa.

Lakini niliyojivunia zaidi ni zamu ya usiku. Usiku wa Mwezini unakaa karibu siku 14 za huku kwetu. Na sheria ya jeshi, ambayo hakuna aliyeikumbuka kuibadilisha kabla ya safari, inasema mlinzi wa usiku haondoki lindoni mpaka kukuche. Unaona ilivyo? Tena ongeza saa zetu za Kiswahili. Chai inatolewa saa moja asubuhi, na kwa hesabu yetu saa moja asubuhi ni jua likishachomoza, na Mwezini jua linachomoza mara moja kwa mwezi. Koplo Sufuria ni mtu wa sheria. Hatoi chai usiku.

(Watu wameniuliza mbona sikuwapeleka Mirihi. Huko ishara ya redio inaweza kukaa njiani dakika 20 na zaidi, Sajini Kesho angepata kisingizio cha maisha. Mwezini inafika kwa sekunde moja na kidogo. Nilitaka ateseke.)

Sasa sehemu yenyewe niliyokuwa nasoma usiku ule ni hii. Kombania nzima imetoka nje kupiga picha ya kutuma nyumbani. Mlango umejifunga. Ndani amebaki Koplo Sufuria peke yake na sufuria zake, na sheria inasema asimfungulie mtu yeyote asiye na kitambulisho. Vitambulisho viko ndani, juu ya vitanda. Wanagonga. Nje hakuna hewa kwa hiyo wenyewe hawasikii kitu masikioni, ila ndani chuma kinatetemeka, du, du, du, na kwenye redio watu ishirini wanapiga kelele kwa pamoja, "Fungua mlango!"

"Kitambulisho," anasema Koplo Sufuria.

"Kiko ndani!"

"Basi ingia ukilete."

Hapo ndo nilipogonga meza. Nilikuwa nasoma kwa mtindo wa VJ wa kibanda cha filamu, yule anayetafsiri sinema huku mnaangalia, mnajua wenyewe, sauti kumi kwa mdomo mmoja. Hadithi nimeiandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya Maama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, nilikuwa natafsiri hapo hapo kwa Kiganda, ila amri niliziacha kwa Kiswahili. Amri ya jeshi kwa Kiganda haichekeshi. Inakuwa kama mtu anakuomba radhi.

## Kiswahili cha unipoti

Mi nimezaliwa na Kiswahili, jambo ambalo Kampala lazima ulieleze kila mara kama vile unaeleza ugonjwa. Mtu akisikia unakiongea vizuri anakuuliza, "We ni Mkenya?" Ukisema hapana, anafikiri kidogo halafu anauliza, "Baba yako alikuwa jeshini?"

Ndiyo, alikuwa jeshini. Tulikaa kambini Jinja, kwenye unipoti, zile nyumba za duara za bati ambazo mchana zinakuoka na usiku zinakugandisha, na mvua ikinyesha hamsikilizani mpaka iishe. Kitanda cha wazazi upande mmoja, pazia, sisi watano upande wa pili. Hakuna pembe, kwa hiyo mtoto akikosea hana pa kujificha. Jirani wa kulia Mlugbara, wa kushoto Mkonzo, mbele yetu mama mmoja wa Kitgum aliyekuwa anauza mandazi, na wote hao wangegombania maji kwa lugha gani kama si Kiswahili? Kwetu kilikuwa lugha ya kuombana chumvi. Mama alitubembeleza nacho. Akisema "lala", ilikuwa lala ya mtoto, ya kanga ya joto.

Na amri zilikuwa mchezo. Baba akirudi jioni anatupanga mstari mbele ya beseni, "Kombania! Nyuma geuka! Kuoga, mbele tembea!" Tulikuwa tunaoga kwa hatua. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hawezi kugeuka kwa mguu sahihi, Baba anajifanya amekasirika, anamfungia kota gadi, yaani mahabusu ya kambi, kota gadi yenyewe ni chini ya meza, anampelekea na andazi humo humo.

Hadithi za Baba ndo mzazi wa Kombania ya Saba, sitaki kudanganya. Zote zilikuwa na lori. Lori lililogoma kuwaka mbele ya jenerali. Lori lililoteremka lenyewe mpaka mtoni na mpishi akiwa amelala juu ya magunia ya posho. Koplo aliyetumwa kutafuta betri ya lori akarudi baada ya siku tatu na kuku. Tulizijua kwa moyo, tukawa tunamkumbusha akiruka kipande.

Kumbe vipo alivyokuwa anaruka na hatukuvijua. Nitafika huko.

## Maneno tisa

Wiki moja baada ya usiku ule nilimkuta Maama ameketi mkekani nyuma ya nyumba anamenya matooke. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kliniki ya presha, kwao ni upande wa Semuto. Nikachukua kisu nikakaa, nikaanza kumenya na mimi, vibaya kama kawaida, yeye anamenya ganda linatoka jembamba mi natoka na nusu ya ndizi.

Nikamwomba radhi. Sikujua hata naomba radhi ya nini hasa.

Akaniambia, "Muwala wange, mi Kiswahili nakijua." Akaweka kisu chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, pole pole, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Fungua. Toka. Lala chini. Leta. Toa saa. Kimya. Twende. Wapi bunduki. Panda gari.

Tisa. Akaangalia kidole cha kumi, hakikuwa na kitu, akakikunja. Kisha akaokota kisu.

Mwaka 1983 alikuwa na miaka 19. Semuto iko ndani ya Pembetatu ya Luwero, na miaka ile jeshi la serikali lilikuwa linapigana huko na waasi wa Museveni. Sihitaji kuwaeleza Semuto 1983 ilikuwaje, na panda gari pia sihitaji, kila familia hapa ina mtu aliyepandishwa gari akashushwa na mwingine ambaye mpaka leo hajashushwa. Yeye mwenyewe hakunieleza zaidi ya hapo, na sikuuliza. Kilichonikaa kichwani ni ile orodha. Yaani lugha yangu nzima, lugha ya mandazi na ya kuoga kwa hatua, kwake ni amri nane na swali moja, na hilo swali walioliuliza hawakuwa wanasubiri jibu.

Tena lile "lala" limo humo. Kwake limekuja na "chini".

## Mwezini hakuna kijiji

Kwa wiki kadhaa nilijitetea, peke yangu, kwenye kamba ya nguo. Nikasema mi sikumcheka yeye, nilicheka askari. Nikasema wachekeshaji wa jeshi wengi walitoka jeshini wenyewe: Jaroslav Hašek alivaa sare ya Austria-Hungaria vita vya kwanza vya dunia mpaka akatekwa na Warusi, Harry Harrison alichukuliwa jeshini Marekani vita vya pili, na hao ndo tunawasoma leo tukicheka. Mi nimelala unipoti miaka 14. Kama kuna mtu ana ruhusa ni mimi.

Halafu nikarudia kile kitabu kilichonianzisha. Nilikinunua zamani kwa wauza vitabu wa mitumba karibu na teksi paki, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, hadithi ya Kimarekani ya askari waliokataliwa na kila mtu wakatupwa kwenye sayari ya mbali. Nimekisoma labda mara sita. Safari hii nikasoma nikiwa natafuta kitu kimoja tu: raia. Mama anayeanika mihogo. Mzee kwenye baiskeli. Mtu yeyote ambaye askari hao wakilewa, wakipotea njia, wakikosea amri, ataamka asubuhi akute boma lake limevunjwa.

Hakuna, au kama wapo wamepita tu kwa mbali.

Hapo nikaweka kitabu chini. Manake ukifikiria vizuri, askari mjinga anachekesha kwa sababu ya kile anachokikosea, na akikosea mahali penye watu haichekeshi tena. Sajini Kesho wangu ningemweka kwenye kizuizi barabarani hapa hapa, na watu wamepanga foleni wana mgonjwa kwenye gari, nani angecheka? Kuruta wa kaptura ningempa bunduki nikamtuma mtaani usiku, ungecheka? Nimemtoa huku, nimempeleka kilomita 384,000, kwenye vumbi, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mtu wa kuamka, halafu nikasema haya, sasa tucheke.

Nilidhani nimechagua Mwezi kwa sababu ya zamu ya siku 14. Nimechagua Mwezi kwa sababu hakuna kijiji.

Na usiku ule, bila kujua, nilimpeleka Maama mpaka kule na nikamgongea mlango.

## Mpishi mwingine

Nikadhani hapo nimemaliza kujitesa. Siku moja naosha vyombo, hata sifikirii hadithi, wazo likaja kama mtu amenimwagia maji: shujaa wako ni mpishi wa jeshi.

Na mpishi wa jeshi maarufu kuliko wote katika nchi hii ni nani?

Idi Amin, kama inavyosimuliwa kila mahali, aliingia Keya, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Nililijua hilo tangu shule. Nimeandika kurasa themanini za Koplo Sufuria na halikunijia hata mara moja.

Na jambo lenyewe si upishi. Ni kicheko. Dunia nzima ilimcheka Amin. Aliposema ameishinda himaya ya Waingereza, walicheka. Alipojiita bwana wa wanyama wote wa nchi na samaki wote wa bahari, walicheka, wachekeshaji wa huko Uingereza wakamwigiza kwa sauti. Mwaka 1975 wakatoka na picha ya wazungu wamembeba begani kwenye kiti, zikazunguka kote, watu wanacheka. Huku chini watu wanatolewa nyumbani usiku hawarudi. Aliyekuwa mbali alipata kichekesho, aliyekuwa karibu alipata ile hodi isiyo hodi.

Sasa na mimi je? Najiona ni mtu wa karibu, mtoto wa kambi. Kumbe kwenye chumba kile cha taa ya sola mi ndo nilikuwa mbali kuliko wote, nimekaa zangu Mwezini natafsiri.

Nilitaka kufuta faili. Nilishalivuta mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta. Mume wangu ndo aliyesema, bila hata kuinua macho kwenye simu, "Ukifuta utaanza nyingine, na hiyo nyingine nayo utaifulia nguo. Mpigie mzee kwanza."

## Simu

Baba siku hizi yuko kijijini Nebbi anafuga mbuzi. Ukimpigia lazima kwanza mzungumze mbuzi, yupi amezaa, yupi amekula shuka ya jirani, ndo mfike kwenye lililokupeleka.

Nilikuwa nimejiandikia kabisa kwenye karatasi nitakavyouliza. Kwa sababu nilikaa nikapanga zile hadithi zake za lori kwa miaka, kama mtu anayepanga picha kwenye albamu, na nikaona. Zipo za 1979 alipoingia, bado kijana, viatu vya kuazima. Zipo za 1987 kuendelea, baada ya jeshi jipya, la wale waasi walioshinda, kuwachukua baadhi ya wale wa jeshi la zamani naye akiwemo. Za katikati hakuna hata moja. Mzee anayeweza kukusimulia saa nzima habari za kuku, ana miaka kama sita hivi ambayo hakuna lori lililoharibika.

Nikamuuliza, "Baba, mwaka 83 ulikuwa wapi?"

Nikasikia mbuzi. Nikasikia upepo kwenye simu.

"Nilikuwa dereva, mama," akasema.

Basi. Sikuuliza dereva wa nini. Alikaa kimya, nami nikakaa kimya, data na dakika zinaliwa, mwisho akasema nimsalimie mama mkwe wangu, presha yake inaendeleaje, ale nyanya chungu zinasaidia. Akakata.

Maama hili sijamwambia. Naliandika hapa kwa sababu hasomi Kiswahili, na najua hiyo si sababu nzuri. Mume wangu atasoma leo usiku, yeye husoma kila kitu changu kabla watu hawajaanza kutoa maoni. Tutaongea. Sijui tutaongea nini.

## Koodi

Mwezi wa sita Maama akaja tena kliniki. Binti yangu yuko darasa la nne, na shuleni kwao sasa wana mwalimu wa Kiswahili, tangu baraza la mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kuwa Kiswahili ni lazima shuleni wengine wameanza kulichukulia kwa uzito. Siku hiyo alikuwa na zoezi la salamu. Anatoka nje, anafunga mlango, anasema "Hodi!", mimi niseme "Karibu!", anaingia, anatoka tena. Mara kumi. Kichwa kinaniuma.

Maama akamwita kwa Kiganda, "Unasema nini we mtoto? Si useme vizuri: koodi."

Mtoto akamwambia, "Jjajja, ni Kiswahili. Hodi."

"Hicho si Kiswahili, hiyo ni koodi. Mi nasema koodi tangu sijaota meno."

Wakabishana, mmoja miaka tisa na mwingine sitini na kitu, na mi nimesimama pale na mwiko mkononi. Manake kweli, sijawahi kumwona Maama akiingia nyumba ya mtu bila kusema koodi, na akijibiwa anajibiwa karibu. Kila siku ya maisha yake. Lilikuwemo kinywani mwake muda wote, ila kwenye kuhesabu hakuliweka pamoja na yale tisa.

Usiku huo nilifungua faili na sikwenda kufua. Nikaandika upya sehemu ya mlango. Wanagonga, wanapiga kelele fungua, fungua, na Koplo Sufuria ndani anakoroga maharage. Wanajaribu amri zote za kitabu cha jeshi. Wanamtisha. Sajini Kesho anaahidi kumshtaki kesho. Masaa yanakwenda. Mwisho kuruta wa kaptura, ambaye sasa kaptura yake imo ndani ya suti ya anga lakini kila mtu anajua imo, anasogea taratibu, anagonga kwa kidole kimoja, anasema kwenye redio, "Hodi." Na Koplo Sufuria anafuta mikono, anasema, "Karibu," anafungua.

Niliona nimeandika kitu kikubwa sana. Nikalala kama mtoto.

Kesho yake tuko tena mkekani, matooke, visu, watoto wamezunguka. Sikuwa na mpango wa kusema lolote. Yeye ndo alianza, macho yako kwenye ndizi.

"Yule mpishi wako. Alifungua?"

Nikashtuka mpaka kisu kikaniteleza. Kumbe aliondoka na hadithi kichwani, miezi mitatu anajiuliza.

Nikamsomea. Safari hii sikugonga kitu, nikasoma polepole, na pale kwenye hodi nikasema koodi. Watoto wakapiga makofi. Mume wangu akakohoa kohoa kule ndani. Maama akamenya ndizi mpaka ikaisha, akaitumbukiza kwenye maji.

"Usiku wa huko ulisema una urefu gani?"

"Siku kumi na nne, Maama."

"Na hao walio nje, hewa wanayo?"

Kwenye hadithi walikuwa na hewa ya masaa manane tu. Nikahesabu haraka haraka.

"Wanayo, Maama. Ya kutosha."

"Basi asifungue," akasema, akachukua ndizi nyingine. "Wangoje kukuche."